Kutoka kushika jembe hadi kusimamia bustani: mafunzo gani yanamfaa mtu wa Dodoma?

Kivuli cha Kikuyu

Wakuu, salamu.

Naandika kwa ajili ya wale ambao tayari wamo kwenye kazi za bustani hapa Dodoma, wanaomwagilia, wanaokata nyasi, wanaopanda miti kandokando ya barabara na kwenye viwanja vya ofisi, na ambao wangependa kusimamia kazi hizo badala ya kubaki vibarua miaka nenda miaka rudi. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, na zaidi baada ya Mji wa Serikali Mtumba kuzinduliwa mwaka 2019, kazi za kupendezesha mandhari zimeongezeka sana, na mikono ya kuzifanya ipo. Anayekosekana ni mtu wa kukabidhiwa eneo zima, pamoja na watu wake, maji yake na bajeti yake, kisha mwezi Oktoba eneo hilo likakutwa bado liko hai.

Nimetaja Oktoba kwa makusudi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na kwa mwaka mzima huwa kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kuanzia hapo ni kiangazi cha takribani miezi saba, na katikati yake huvuma ule upepo mnaoufahamu, unaokausha majani hata pale ambapo udongo una unyevu. Bustani inayopendeza mwezi Februari imependezeshwa na mvua, na haimwelezi msimamizi wake kwa lolote. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafunzo ya usimamizi wa bustani katika mkoa huu yanapaswa kuanza na hesabu ya maji, hata kabla ya mwanafunzi kufundishwa majina ya maua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi za uwanjani wakati wa kiangazi chetu huhitaji milimita 4 hadi 5 kwa siku, kutegemea jua na upepo, kwa hiyo uwanja wenye mita za mraba 1,000 unaweza kuhitaji lita 5,000 kila siku. Sasa chukua mpira unaoutumia, jaza ndoo ya lita 20 huku ukiangalia saa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, mpira huo unatoa lita 1,200 kwa saa, na maana yake ni kwamba mtu mmoja atashinda na mpira mkononi kwa zaidi ya saa nne ili uwanja huo mmoja tu ushibe. Msimamizi aliyefanya hesabu hii anajua, kabla mwajiri hajamwuliza, kama mtu mmoja anatosha, boza la lita 10,000 litamfikisha siku ngapi, na ni kipande gani cha nyasi kingeondolewa na kuwekwa kokoto au mimea inayovumilia ukame. Asiyeifanya humwagilia mpaka maji yaishe, halafu hueleza kwamba maji hayakutosha. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini barua ya kuomba maji itakayosomwa na kujibiwa ni ya yule mwenye tarakimu.

Baada ya kiasi cha maji kuna kina yanakofika, na hapa naomba mjaribu jambo moja wenyewe. Tafuteni kipande cha nondo ya milimita 10, chenye urefu wa mita moja, mkinoe ncha. Asubuhi baada ya kumwagilia, kichomekeni kando ya mti, hatua fupi moja kutoka shinani. Kwenye udongo uliolowa kitazama kwa nguvu ya mkono mmoja. Kikifika pakavu kitagoma. Kivuteni, kisha mpime sehemu iliyozama. Nimeshuhudia miti inayomwagiliwa kila siku ambayo nondo iligoma kwenye sentimita 8, ilhali juu palikuwa na tope la kuchafua viatu. Mizizi ya mti wa namna hiyo hubaki juujuu kufuata unyevu, na siku boza lisipofika mara mbili mfululizo, mti huo umekwisha. Mti ambao umeshashika ni afadhali kuupa lita 40 mara moja kwa wiki, kwenye kisahani kipana kilichokingwa kwa tuta, kuliko kuupa lita 5 kila siku. Mwajiri anayepita na gari hupenda kuona ardhi imelowa. Msimamizi ndiye anayepaswa kumwonesha nondo.

Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi, jambo ambalo wageni wa mji huu hulitambua kwenye chai. Kwenye bustani utaliona kwa kingo za majani kuungua na ukoko mweupe kubaki juu ya udongo. Maji yapimwe maabara kabla ya kuchagua mimea, si baada ya mimea kufa.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo hata waliosoma vizuri hujikwaa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, kwa hiyo fedha na mikataba mingi hutoka katikati ya kiangazi, na anayetoa fedha hutaka aone miti imesimama mapema. Msimamizi aliyefundishwa vizuri anaweza kukaa na mhandisi au afisa manunuzi na kumshawishi kwa maandishi kwamba miezi ya Julai hadi Novemba itumike kuchimba mashimo, kusogeza samadi, kulaza mabomba, kujenga njia na kukomaza miche kitaluni, na kwamba upandaji usubiri mvua za kwanza zilowanishe ardhi kwelikweli. Mti uliopandwa mwishoni mwa Desemba unapata msimu wote wa kuteremsha mizizi; uliopandwa mwishoni mwa Machi unapata wiki chache tu, kisha unaachwa na kiangazi.

Kalenda hiyo ina upande wake wa watu, ambao vitabu haviutaji. Vibarua wengi wa bustani za mjini wanatoka Chamwino, Bahi, Kongwa na vijiji vya pembezoni mwa Jiji. Mvua za kwanza zikinyesha, wanarudi kulima mtama, uwele, karanga na alizeti, na wana haki, kwa sababu hicho ndicho chakula cha familia kwa mwaka mzima. Wakati huohuo ndipo bustani inapohitaji mikono mingi kuliko kipindi kingine chochote. Anayewalaumu kwa kuondoka hajui mkoa anaofanyia kazi. Mashimo ya sentimita 60 kwa kila upande yakishachimbwa Oktoba, huku udongo wa juu umewekwa upande wake na wa chini upande wake, watu wachache wanaobaki wanaweza kupanda miti mingi kwa siku chache. Ardhi ya Oktoba ni ngumu kama tofali, hilo nakubali, lakini ukiimwagia maji jioni, sururu itaingia asubuhi.

Nieleze na jambo moja la miche. Katika eneo moja la taasisi, upande wa mashariki wa mji, kulikuwa na safu nzima ya miashoki iliyokuwa ikikauka mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepita alisema ni mchwa. Mchwa walikuwapo, kama walivyopo kila mahali Dodoma. Mmoja wa miti hiyo ulipong'olewa, kiriba cheusi, yaani ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, kilikuwa bado kimeuvaa mzizi wote, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha mara kadhaa, myembamba, mikavu, haijagusa udongo wa shimo hata kidogo. Aliyepanda alikuwa akilipwa kwa idadi ya miti, na kuchana kiriba kunachukua muda. Msimamizi alikuwa akihesabu vilele vilivyosimama. Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wanaoanza usimamizi wahesabu viriba vitupu mwisho wa siku: miti 80 iliyopandwa lazima irudishe viriba 80 vilivyochanwa, vikiwa kwenye mfuko mmoja, na ndipo malipo yasainiwe.

Kuhusu watu na sheria nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si dogo. Msimamizi asome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 walau katika sehemu ya saa za kazi, ambazo ukomo wake wa kawaida ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na ajue kwamba muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Asome pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwenye viuatilifu awe mkali: lebo isomwe kwa sauti mbele ya anayepuliza, rangi ya ukanda wa lebo, inayoonesha ukali wa sumu, ieleweke, glavu na barakoa vitolewe na mwajiri, na ile imani kwamba ukinywa maziwa baada ya kupuliza umesalimika iondolewe kabisa, kwa sababu sumu iliyopita kwenye ngozi haifuatwi na maziwa tumboni.

Sasa shule. Kwa njia ya ufundi stadi, mfumo wa VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) una ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na anayefika ya tatu anatarajiwa kuweza kuongoza wenzake. Kwa njia ya vyuo, Tengeru mkoani Arusha ndiko kunakojulikana zaidi kwa mafunzo ya kilimo cha bustani katika ngazi za kati, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada yake. Anayevutwa zaidi na usanifu wa mandhari, yaani kuchora na kupanga, aangalie Chuo Kikuu Ardhi. Nawaomba jambo moja mnapochagua: mkiulizia chuo, msiishie kwenye ada na hosteli. Ulizeni kama mwanafunzi hupewa kipande cha ardhi akakisimamia kiangazi chote, akaandika maji aliyotumia na miche iliyokufa. Chuo kinachojibu “ndiyo” kitawatengenezea msimamizi.

---

Fundi wa Nkuhungu

Mbukwenyi ndugu zangu. Nakushukuru sana mleta uzi. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu katika nyumba za watu na ofisi. Najua kukata maumbo, najua kuotesha nyasi, na hata wahitimu wanaokuja mafunzo kwa vitendo huniuliza mimi. Hata hivyo kila nafasi ya usimamizi inapotangazwa, cheti ndicho kinachotakiwa kwanza, na ananiongoza mtu niliyemfundisha kushika mkasi. Kwa mtu wa umri wangu, mwenye familia, kuacha kazi na kwenda chuoni miaka miwili haiwezekani. Je, nimefungiwa mlango?

---

Kivuli cha Kikuyu

Kaka, haujafungwa. Upo utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, unaoendeshwa kupitia VETA, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, huongezewa mafunzo pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti kulingana na kiwango alichofikia. Nenda ofisini kwao ukaulizie fani yako imepangiwa lini, kwa sababu fani zote hazipimwi kwa wakati mmoja.

Usiende mikono mitupu. Waombe waliowahi kukuajiri barua fupi zinazoeleza eneo ulilolitunza na kazi uliyoifanya, na upige picha za kazi ileile moja mwezi Machi na mwezi Oktoba. Picha ya Oktoba ina uzito kuliko kumi za masika. Jambo jingine ambalo litakusaidia zaidi ya cheti, na unaweza kulianza leo jioni, ni daftari. Andika tarehe, eneo, watu waliokuja, lita zilizotumika, kazi iliyokamilika na kilichoharibika. Ukilitunza daftari hilo kwa msimu mmoja wa kiangazi, utaingia kwenye usaili ukiwa na kitu ambacho wengi wenye vyeti hawana, na hesabu utakuwa umezizoea bila kumwambia mtu kwamba unajifunza hesabu.

---

Mwanahombolo

Nimesoma kwa makini na nina hoja tofauti kidogo. Sisi wa huku Hombolo kazi yetu kubwa ni zabibu, na mzabibu wa Dodoma unapogolewa mara mbili kwa mwaka ili kutoa mavuno mawili. Mtu anaweza kumwagilia kwa hesabu zote ulizozitaja, lakini mkasi ukikosea, msimu umepotea na hakuna lita itakayourudisha. Mwaka hadi mwaka tunaletewa wasimamizi wenye makaratasi mazuri ambao hawawezi kutofautisha tawi litakalozaa na tawi la kukatwa, na vibarua wakishajua hilo, basi heshima imekwisha. Kwangu mimi mafunzo yaanze na mkono. Anayesimamia awe kwanza ameifanya kazi mpaka anaweza kuiona kwa macho akiwa mbali.

---

Kivuli cha Kikuyu

Mzee wangu, kwa upande wa zabibu nakubaliana nawe moja kwa moja, na naongeza kwamba wapogoaji wa Hombolo, Makutupora na Chinangali ni hazina ambayo bustani za mjini hazijaitumia. Mtu aliyezoea kuhesabu macho, yaani sehemu za kuchipua, kwenye tawi la mzabibu hujifunza kupogoa miti ya kivuli na bogonvilia kwa haraka mno, kwa sababu tayari anajua kwamba kila anapokata anaamua mmea uchipue wapi. Anayetafuta wasimamizi wa kesho angewatafuta huko.

Ninapobaki na msimamo wangu ni pale kazi inapokuwa ya bustani za mandhari. Huko wenye mkono hodari wapo wengi, na bado viwanja vinakauka, kwa kuwa mwenye mkono huo hajawahi kuoneshwa mita ya maji, ratiba ya boza wala bajeti. Mpogoaji bora akipewa cheo bila mafunzo hayo, huendelea kupogoa yeye mwenyewe, kwa uzuri uleule, huku watu wake kumi wakimsubiri awaambie cha kufanya. Tunampoteza fundi, na msimamizi hatujampata.

---

Dada wa Ipagala

Habari za jioni. Nina stashahada na nimewekwa kusimamia bustani za taasisi moja hapa mjini, nikiwa na watu tisa, na wengi wao wana umri wa wazazi wangu. Hawanikatalii. Huniitikia vizuri, huniita mwanangu, halafu wanaendelea kama walivyozoea. Mfano mmoja ni nyasi: mzee mmoja hukata mpaka udongo unaonekana, akisema hivyo ndivyo pasafi na ataokoa kazi ya wiki ijayo. Nyasi zimeanza kuacha mabaka. Nikimwandikia barua ya onyo nitaonekana sina adabu, na nikinyamaza nitaulizwa mimi.

---

Kivuli cha Kikuyu

Dada yangu, barua iache kwanza. Anza na shikamoo kila asubuhi, wewe ndiye uwafuate walipo, na mgawanyo wa kazi ufanyike hapohapo wakiwa wamesimama pamoja, kwa sauti ya kawaida. Usimkosoe mzee huyo mbele ya wenzake hata siku moja. Kaa naye pembeni, mwombe mgawane kipande kimoja cha uwanja: nusu aikate anavyokata siku zote, nusu nyingine ikatwe kwa kubakiza sentimita 5, na kila mara kisiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Maji yawe sawa pande zote mbili, na yeye mwenyewe ndiye amwagilie ili asiwe na shaka. Kwa jua la Septemba tofauti itaonekana ndani ya wiki mbili hadi tatu, kwa sababu nyasi fupi huacha udongo wazi, udongo hupata joto, na mizizi hukosa majani ya kuilisha. Acha aione mwenyewe na aieleze yeye kwa wenzake.

Huenda kuna jambo analolijua kuliko wewe, kwa mfano mchwa wanatokea upande gani au bomba la zamani limepita wapi. Mwulize, uandike, na umtaje kwa heshima kwenye taarifa yako. Mkipatana, mpe kijana mmoja amfundishe.

Kisha angalia mashine yenyewe, kwa sababu huenda mzee analaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mashine nyingi hukabidhiwa zikiwa zimeshushwa hadi alama ya chini kabisa, na pini ya kupandishia urefu huwa imeshika kutu kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuigusa. Iloweshe kwa oili usiku kucha, ipandishe, weka mashine juu ya sakafu, na upime kwa rula kutoka sakafuni hadi kwenye makali ya kisu kabla ya kumrudishia.